Mchapishaji anavitaka vitabu vyangu vyote vitatu, mdogo wangu nitamwambia nini?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni muuguzi katika hospitali moja hapa Dar es Salaam, mama wa watoto wawili, naishi Tabata. Nikitoka zamu ya usiku usingizi hauji mara moja, kwa hiyo huwa naandika. Ndivyo nilivyopata riwaya zangu mbili, zote za upelelezi, na zote nimezichapisha mwenyewe kwa mkopo wa kikoba na kujibanabana kwenye mshahara.

Ya kwanza ilianzia WhatsApp. Kila Ijumaa nilikuwa narusha sehemu moja kwenye grupu. Za mwanzo zilikuwa bure, zilizobaki mtu anatuma elfu mbili kwa simu. Wasomaji wenyewe ndio waliodai kitabu cha kushika mkononi. Nikaenda kuomba ISBN, ile namba ya kitambulisho cha kitabu, Bodi ya Huduma za Maktaba, kijana mmoja wa Sinza akanitengenezea kava, nikapata mpiga chapa Gerezani, tukatoa nakala 500. Ziliisha. Ya pili tukatoa 1,000, zimebaki kama 300, zipo sebuleni nyuma ya kochi. Baba watoto kila akijigonga goti kwenye yale maboksi nasikia anavyoguna.

Anayeuza ni mdogo wangu wa tumbo moja. Simu ya oda anakaa nayo yeye, anajua bodaboda yupi hasumbui, na ndiye anayeamka alfajiri kupeleka vifurushi stendi ya Mbezi viende Mbeya, Mwanza na Songea. Kitabu tunauza shilingi 10,000. Kuchapa kunanigharimu kama 4,000 kwa nakala, yeye anachukua 1,500, mimi nabaki na 4,500. Hiyo 1,500 yake ndiyo inayomlipia mwanawe ada tangu alipoachana na mumewe.

Sasa Shangazi, mhariri wa kampuni moja ya uchapishaji ya hapahapa mjini, kampuni yenye jina, alikinunua kitabu changu kwa muuza vitabu wa pembeni mwa barabara pale Posta, akakipenda, akanitafuta. Wanautaka mswada wangu wa tatu, na wanataka kuzitoa upya zile riwaya mbili za mwanzo. Wamenipa mkataba nikausome. Mrabaha, yaani fungu langu mwandishi kwa kila nakala, ni asilimia 10 ya mapato halisi, na wanasema kitabu watauza 12,000. Haki zote zinakwenda kwao: ya kuchapa, ya kidijitali, ya kusomwa kwa sauti, ya filamu na ya tafsiri, kwa muda wote wa hakimiliki. Nakala zangu zilizobaki niziondoe sokoni. Na kitabu nitakachoandika baada ya hapo, wao ndio wawe wa kwanza kukiona.

Mhariri ameshaupitia mswada wa tatu. Mengine aliyosema yamenisaidia, maana mgonjwa niliyemuua sura ya nne yeye alimkuta anaomba maji sura ya tisa. Lakini anataka pia nipunguze Kiswahili cha mtaani na niondoe tukio la gesti, ili kitabu kiweze kununuliwa na shule. Shangazi, mtu anauawa humohumo gesti! Nikiondoa gesti sina kesi.

Baba watoto anasema nisaini tu, amechoka na maboksi. Waandishi wenzangu wa kwenye grupu wanasema nitachinjwa, na mmoja wao anasema alishawahi kutoa kitabu kwa mchapishaji na mpaka leo hajaonyeshwa hata karatasi moja ya mauzo.

Kuna na baba yangu. Ni mwalimu mstaafu. Nilipompelekea kitabu cha kwanza alikigeuza nyuma, akatafuta jina la kampuni, hakuliona, akasema, "Hongera mwanangu, sasa utafute mchapishaji." Mpaka leo hajakisoma. Natamani siku moja alione jina la kampuni pale nyuma, ingawa nikiandika hivi najiona mtoto.

Mdogo wangu sijamwambia lolote. Juzi ameniuliza cha tatu kinatoka lini aanze kuchukua oda, nikamjibu bado nakinyoosha. Kimeshakwisha zamani. Nikisaini, yeye atakula nini? Nisiposaini, nitabeba maboksi mpaka lini? Kampuni inataka jibu mwisho wa mwezi.

Muuguzi wa Usiku, Tabata

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole na zamu.

Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja. Ukiitazama juujuu inauliza jambo moja tu, usaini au usisaini. Ila kila aya ina mtu wake. Yupo mdogo wako unayemficha, yupo baba yako ambaye hajafungua kitabu, yupo mumeo na goti lake, wapo wenzako wa grupu wenye kisirani na wachapishaji. Wewe mwenyewe unajitokeza mara mbili tu: pale uliposema mhariri amekusaidia, na pale ulipouliza utabeba maboksi mpaka lini. Naomba uzisome tena sentensi hizo mbili kabla ya kuendelea na haya yangu, kwa sababu ndizo ulizoandika bila kumtazama mtu usoni.

Nianze na mzee, maana naona ndiye anayeuma zaidi kuliko ulivyokiri. Baba yako ni mwalimu, na kwa walimu wa umri wake kitabu ni kile kilicholetwa na kampuni na kupita mikononi mwa wakaguzi. Simlaumu. Lakini riwaya za upelelezi ambazo wanafunzi wake walikuwa wakizificha chini ya madawati, nyingi zilitoka kwenye vikampuni vya waandishi wenyewe. Elvis Musiba alikuwa na Continental Publishers yake. Marehemu Ben Mtobwa alianzisha Heko Publishers. Walikuwa wanajichapisha, na nchi nzima iliwasoma, walimu wakiwemo. Kwa hiyo ukimpelekea mzee kitabu chenye jina la kampuni nyuma, ujiulize kwanza kama atakifungua. Huenda atafungua, na furaha hiyo ni halali kabisa, huna sababu ya kuionea aibu. Huenda pia akakigeuza, akaliona jina, akasema hongera, akakiweka juu ya kabati palepale kilipo kile cha kwanza. Je, katika hali hiyo ya pili, mkataba bado utakupendeza?

Sasa fedha. Umeandika kwamba unabaki na 4,500 kwa kila nakala, na wenzako bila shaka wamekupigia hesabu ya kukutisha, kwa hiyo tuipige pamoja. Maduka ya vitabu kwa kawaida hukata kati ya asilimia 30 na 40 ya bei. Tuseme 35. Kitabu cha 12,000 kinaiingizia kampuni 7,800. Asilimia 10 ya hapo ni 780. Ndiyo maana ya "mapato halisi" katika mkataba wako. Ingekuwa asilimia hiyohiyo ya bei ya kava, ungepata 1,200, kwa hiyo maneno hayo mawili tu yanabeba shilingi 420 kwa kila nakala. Ukilinganisha 780 na 4,500 yako, kampuni inabidi iuze karibu mara sita ya unavyouza wewe ndipo mlingane.

Hapo wenzako wa grupu ndipo wanapoishia. Mimi nina maswali na hiyo 4,500. Riba ya kikoba umeitoa? Nakala za zawadi kwa mgeni rasmi na msafara wake siku ya uzinduzi (mgeni rasmi wa Kitanzania hajawahi kununua kitabu, sijui ni kanuni ya wapi)? Za wale wanaosema nitakulipa mshahara ukitoka? Zilizolowa mvua ya masika kwenye kifurushi? Na zile 300 za nyuma ya kochi, kwa 4,000 kila moja, ni milioni moja na laki mbili zilizolala. Sikuambii kwamba hupati faida. Nakuambia hujui bado unapata kiasi gani, na kabla ya kukataa 780 ya mtu ni vizuri uijue vizuri 4,500 yako.

Kisha kuna hesabu moja ambayo naona hukuipiga, na ndiyo inayomhusu mdogo wako. Umeshaamua moyoni kwamba ukisaini yeye hana kazi. Kwa nini? Kampuni inaweza kuwa na mhariri mzuri na ghala kubwa, lakini sidhani kama ina mtu anayejua msomaji gani wa Songea hupokea mzigo Jumamosi na yupi anataka kitabu kifungwe gazeti ili shemeji asijue. Wateja wale wapo kwenye simu ya mdogo wako. Muuzaji anayechukua mzigo kwa punguzo la duka, hilo la asilimia 35, anabaki na 4,200 kwa kila kitabu cha 12,000. Leo anapata 1,500. Yaani huyo unayehofia kumwangusha, akikubaliwa kuwa wakala wa kampuni, kila nakala inamlipa karibu mara tatu.

Usikimbilie kufurahi, maana hatari zipo. Kampuni inaweza kukataa wakala asiye na duka. Inaweza kutaka fedha taslimu, na nakala 50 kwa 7,800 ni shilingi 390,000, ambazo mama anayesubiri ada huenda hana. Mali kauli wanawapa wanaowajua. Halafu wateja waliozoea 10,000 wataguna kwenye 12,000. Lakini hayo ni mambo ya kujadiliana mezani, na huwezi kuyajadili kwa niaba ya mtu ambaye hajui kama kuna meza. Nadhani kinachokutesa kuhusu mdogo wako ni ule uongo wa "bado nakinyoosha" zaidi ya mkataba wenyewe. Yeye anajiandaa kuwaahidi wateja kitabu ambacho hajui kama atakiuza. Siku akisikia kwa mtu mwingine, na kwenye magrupu habari hazilali, ataumia kwa kufichwa kuliko kwa kukosa 1,500.

Hesabu hiyo ya 4,200 inakuhusu na wewe. Muulize mhariri kama mkataba unamruhusu mwandishi kununua nakala zake kwa punguzo na kuziuza. Hukuniambia, na kama hakipo, ni kifungu cha kawaida kuomba. Mwandishi anayenunua kwa 7,800 na kuuza kwa 12,000 anapata 4,200, na juu yake mrabaha wa 780 kama mkataba hauuzuii kwenye nakala anazonunua mwenyewe. Ukivipata vyote viwili ni 4,980, zaidi ya unachopata leo, bila kumlipa mpiga chapa kitu. Ila maboksi yatarudi sebuleni, hilo mweleze baba watoto mapema. Na hata msiposaini, nunueni kabati la vitabu jamani.

Ninapoingia kwenye haki ndipo ninapokuomba utulie kweli. Kwa sheria yetu ya hakimiliki ya 1999, kazi yako inalindwa maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako. "Muda wote wa hakimiliki" katika mkataba wako ndio huo. Hao watoto wako wawili watazeeka, wajukuu watazaa, na riwaya uliyoiandika macho yakiwa mekundu baada ya zamu itakuwa bado ya kampuni. Sisemi kampuni ni wabaya. Mikataba mingi huandikwa hivyo kwa sababu mchapishaji anaweka fedha zake na anataka muda wa kuzirudisha. Lakini ipo tofauti kubwa kati ya kumhamishia mtu haki moja kwa moja na kumpa ruhusa ya kuzitumia kwa miaka kadhaa, mitano au saba, kisha mkutane tena. Na hata ukikubali muda mrefu, kuna kifungu cha haki kurudi: kitabu kikiisha sokoni na kampuni isipochapa tena ndani ya muda mliokubaliana, haki zinarudi kwako. Bila kifungu hicho kitabu kinaweza kulala ghalani au kuisha kabisa, na wewe huruhusiwi kutoa hata nakala moja. Hiyo kwangu ndiyo hatari kubwa kuliko zote katika karatasi ulizonieleza, kubwa kuliko 780.

Angalia pia kama mkataba unataja kitabu kitoke lini. Uchapishaji wa hapa kwetu umeegemea shule kwa miaka mingi. Kazi ya vitabu vya kiada iliporudi serikalini chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania, kampuni binafsi zilipoteza soko lililokuwa likizilisha, na riwaya ndiyo husubiri mtaji upatikane. Mhariri anaweza kukipenda kitabu chako kwa dhati na bado kikakaa foleni. Tarehe iandikwe. Na wachape nakala ngapi za mwanzo, nayo iandikwe.

Hapohapo utaelewa na lile suala la gesti. Mhariri anawaza shule kwa sababu oda moja ya shule inaweza kuzidi mauzo yenu ya mwaka. Anafanya kazi yake. Na yuleyule aliyekutaka uondoe gesti ndiye aliyemkamata marehemu wako akiomba maji, kwa hiyo macho anayo. Lakini muulize waziwazi: hiki kitabu mnakitaka kwa ajili ya shule au kwa ajili ya wasomaji niliokuja nao? Wale wa WhatsApp waliokuwa wakingoja Ijumaa walifuata Kiswahili cha mtaani. Ukikinyoosha sana unaweza kuwapoteza hao na shule zisikinunue vilevile. Inawezekana pia kwamba gesti ikibaki na maneno machache yakatoka, kesi itasimama na mwalimu hatashtuka. Hilo wewe ndiye fundi wake, mimi nakuuliza tu kama umeshajaribu kuiandika sura hiyo kwa namna nyingine kabla ya kukasirika. Mkataba nao useme nani ana neno la mwisho kwenye mabadiliko ya aina hiyo.

Ili usidhani mtihani huu ni wa Tabata peke yake, wenzako wa mbali wameupitia. Mwezi Machi mwaka 2011 huko Marekani, Amanda Hocking, binti aliyekuwa akijichapisha kwenye intaneti na kuuza sana, alikubali mkataba wa vitabu vinne wa zaidi ya dola milioni 2 kutoka St. Martin's Press. Mwezi huohuo mwandishi Barry Eisler, aliyekuwa amezoea kampuni kubwa, alikataa dola 500,000 za vitabu viwili kutoka kampuni hiyohiyo, akisema anaenda kujichapisha. Mmoja anaingia, mwingine anatoka, mlango mmoja. Sababu ya Hocking ilikuwa kwamba anataka kuwa mwandishi, amechoka kushinda wiki nzima akijibu barua pepe, akitengeneza makava na kutafuta wahariri. Eisler naye haikupita muda akaingia mkataba na kitengo cha uchapishaji cha Amazon. Kwa hiyo hata waliotangaza msimamo hadharani waliendelea kuhama. Mwaka uliofuata mwandishi mwingine, Hugh Howey, alifanya la tatu: aliipa kampuni ya Simon & Schuster haki ya kitabu cha karatasi tu, za kidijitali akabaki nazo mwenyewe.

Hao walikuwa wakiuza kwa Kiingereza kwenye vifaa vya kusomea, soko lao si letu. Wewe unauza kwa bodaboda na lipa namba. Na huyo Howey alipata alichotaka kwa sababu alikuwa na mauzo ya kutikisa meza. Ila njia yake inanifanya nikuulize: umeshakaa na mkataba huu ukautenganisha? Umeuchukua kama kitu kimoja, wachukue vyote au wasichukue. Kitabu cha tatu hakijatoka, hakina maboksi wala mdogo wako hajakichukulia oda rasmi. Zile mbili za mwanzo zina ISBN yako, kava lako na wateja wake. Kuwapa cha tatu na kubaki na mbili ni jambo linaloweza kuombwa. Wanaweza kusema mpelelezi ni mmoja katika vitabu vyote, hawawezi kumtangaza huku wewe unauza vingine kwa bei ya chini, na hoja hiyo ina uzito. Hapo labda mtakubaliana uzimalize zile 300 kwanza, kwa muda maalumu, ndipo watoe upya.

Haki ya sauti na ya kidijitali ni hivyohivyo. Waulize wanazitaka wazifanyie nini, na lini. Ukiona jibu linaelea, unaweza kuomba zibaki kwako, au ziwe kwao kwa miaka michache na zirudi wasipozitumia. Hadithi za kila Ijumaa ndizo zilizokulea, na ukisaini kama ilivyo huenda hutaruhusiwa kurusha hata sehemu moja. Upande wa pili, kukaa na haki za kidijitali ni kukaa na vita vyake. PDF moja ikivujia Telegram, utapambana peke yako bila mwanasheria wa kampuni.

Ukiamua kuendelea mwenyewe, sikushangai, ila usiendelee vilevile. Mhariri wa kulipwa wapo hapa mjini, na kitabu chako cha tatu kimeshaonyesha kwamba kinamhitaji. Fedha yake itatoka wapi? Na mwili wako? Muuguzi wa zamu ya usiku anayeandika asubuhi na kufunga vifurushi jioni, wewe mwenyewe unajua ungemwambia nini mgonjwa mwenye ratiba hiyo. Kuna na Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayopokea miswada ambayo haijachapishwa, na miswada iliyoshinda huchapishwa na serikali na kupelekwa shuleni. Soma masharti ya mwaka husika, maana ukishausaini mswada wa tatu huenda mlango huo ukafungika kwake. Tatizo la tuzo ni kwamba washindi ni wachache, na ada haisubiri matokeo.

Mwenzenu ambaye hajaona karatasi ya mauzo, sina sababu ya kumbishia. Kisa chake kikusaidie kuuliza: taarifa ya mauzo inatoka mara ngapi kwa mwaka, inalipwa lini, na mwandishi ana haki ya kukagua hesabu? Kama haipo kwenye mkataba, iingie. Mchapishaji makini hatakununia kwa swali hilo. Akinuna, umejifunza kitu bila gharama.

Na huo mwisho wa mwezi. Nani aliuweka? Kitabu hakiozi. Mwandikie mhariri barua fupi ya heshima, umwambie umeheshimika, unaupeleka mkataba kwa wakili na unaomba muda zaidi. Ukiwa na maswali ya hakimiliki yenyewe, COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya nchi, wapo na kazi yao ni hiyo. Wakili umlipe, usimwombe mtoto wa jirani anayesoma sheria mwaka wa pili, ingawa najua yupo na ana hamu.

Kabla ya wakili, nenda kwa mdogo wako na karatasi zote. Msome pamoja, hata pale lugha inapokuwa ngumu. Mwonyeshe ile hesabu ya 4,200 na umwachie aitie dosari, kwa sababu yeye anajua soko kuliko mimi na wewe. Anaweza kukuambia hataki kuwa wakala wa mtu, au akakwambia kwamba naye amechoka na alfajiri za Mbezi na alikuwa anaogopa kukuambia. Sijui atasema lipi, na wewe pia hujui, ndiyo maana siwezi kukuandikia saini au usisaini wakati mmoja wa wahusika bado anasubiri kuanza kuchukua oda.

Ukimaliza kuongea naye niandikie tena, uniambie na kampuni imejibuje kuhusu muda wa haki na nakala za mwandishi. Nitaomba na ile sura ya gesti, kwa siri yetu.

Shangazi yako